Kisogo Changu Kwenye Simu ya Mwingine

"Nataka unisuke hivi hivi, usipunguze hata mstari," mteja akaniambia, akanipa simu yake niione picha.

Nikaipokea, chanuo likiwa mkono wa pili. Nikaitazama. Nikaitazama tena.

Kilikuwa kisogo changu.

Sisemi kilifanana na changu. Kilikuwa changu. Mistari ile inayozunguka kama konokono na kukutana juu ya shingo, doa jeusi nililozaliwa nalo chini ya sikio, na ukosi wa gauni la njano nililovaa siku ya kuvishwa pete. Mchumba wangu ndiye aliyenipiga picha hiyo, akanirushia ili nami nione nilivyopendeza kwa nyuma, maana kisogo mtu hajioni.

"Umeipata wapi hii?" Sauti niliishusha kama mtu anayeuliza saa.

"Kwenye simu ya mchumba wangu. Anasema ni dada yake. Nilipoiona tu, moyo ukasema na mimi lazima. Nimezunguka saluni hadi miguu imevimba, kila msusi ananiambia mkono huo wapo wanaouweza lakini wa pale kwenye mlango wa kijani ndio wenyewe."

Shangazi yangu, dada wa baba, ndiye mwenye saluni. Alikuwa anakunja mataulo. Aliposikia neno dada, taulo likasimama hewani. Nikamkonyeza asiseme kitu. Alimeza maneno yake kwa shida, maana si mtu wa kumeza maneno.

Mteja hakushtuka kwa sababu kichwani nilikuwa nimefunga kitambaa. Pete nayo hakuiona. Nikisuka huwa naivua, inanasa nywele, naiweka kwenye kopo la vibanio.

"Na huyo wifi yako umeshaonana naye?" nikamuuliza.

"Bado. Anasema ndugu zake wana maneno mengi, tuwaache kwanza mpaka mambo yakamilike." Akacheka. "Wewe unauweza huu msuko, dada?"

"Naweza. Kaa."

Mchumba wangu ni fundi friji. Mtaani wanamwita Barafu. Tulikuwa tuoane, wazazi wa pande zote mbili wameshakaa wakaelewana, lakini akaja na jambo la kwenda kufanya kazi ng'ambo. Huko wanataka kwanza ufanye mtihani wa Kiingereza: kusoma, kuandika, kusikiliza na kuongea. Kila nilipotaja harusi alinijibu neno moja, subiri matokeo. Shangazi alikuwa akimtania, "Huko kwenye baridi wanataka fundi friji wa nini? Si wanafungua dirisha tu?" Barafu alicheka, ila tarehe hakutaja.

Nikaanza kusuka kutoka kisogoni, huku nikijiambia labda picha imeibwa. Labda ni rafiki yake mmoja mwongo. Watu wana simu, picha zinatembea.

"Nina zamu hospitali mchana, mimi ni nesi," mteja akasema. "Leo tufike nusu, nitajifunika, kesho unimalizie. Na unisamehe, nitakuwa naongea na simu. Tuna mtihani wa Kiingereza karibuni, tunafanyishana mazoezi ya kuongea."

"Wewe na nani?"

"Na huyo huyo mchumba. Tunakwenda pamoja."

Akachomeka spika za masikioni, akaanza. Kiingereza kilimtoka kama maji ya bomba. Mimi niliishia shule ya msingi, nilichoambulia ni salamu na maneno mawili matatu. Yeye alikuwa anauliza, kisha anakaa kimya anasikiliza, anatabasamu kwenye kioo. Tabasamu lile halikuwa la mtihani. Nilikuwa nalitazama kutoka juu, na mikono yangu ikiendelea.

Mstari ukafika sikioni.

"Dada, hizo spika zitoe. Waya unanipitia kwenye nywele."

"Aa, pole." Akazitoa, simu akaiweka mapajani na sauti akaifungulia ya nje.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya Barafu.

Sikuhitaji kujua Kiingereza. Sauti ya mtu uliyekubali kuolewa naye unaijua hata akikohoa. Alikuwa anasimulia kitu kirefu. Nilisikia akipunguza mwendo, akafika mahali akanyamaza, halafu akagonga meza. Ko, ko, ko. Kisha katikati ya Kiingereza chote kile likatoka neno moja la kwetu.

"Hodi!"

Akacheka. Na mahali alipocheka ni pale pale anapocheka siku zote.

Nikaukaza mstari kuliko kawaida. Nesi akasema, "Aii, dada, umevuta."

"Samahani. Nywele zimeshikana."

Niliijua hadithi hiyo. Siku ya kwanza alipokuja hapa saluni, friji yetu ya soda ilikuwa imegoma. Akaifungua, akaifunga, akaguna. Mwisho akaigonga mlango kama nyumba ya watu akaiambia, "Hodi humu ndani?" Friji ikanguruma ikawaka. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha mteja, nikacheka mpaka chanuo likaanguka. Akaliokota yeye. Mambo yetu yote yalianzia kwenye chanuo hilo.

Nesi alipokata simu nikamuuliza, polepole, kama msusi yeyote anayepiga soga.

"Alikuwa anasimulia nini, maana kacheka vizuri?"

"Siku tuliyokutana. Msahihishaji anaweza kukuuliza swali kama hilo, ueleze mtu muhimu maishani mwako. Alikuja kutengeneza friji, ikakataa, akaigonga akaipigia hodi. Ikawaka."

Kwenye kona, karibu na goti lake, friji yetu ikanguruma. Shangazi akaitazama friji, akanitazama mimi, akatoka nje kwenda kutema mate.

"Na ndivyo mlivyokutana kweli?"

"Ndiyo, ndivyo hivyo," akajibu haraka mno, kama mtoto aliyekariri.

Hilo haraka nikaliweka moyoni. Kuna kitu hakikukaa sawa hata upande wake.

Alipoondoka kwenda zamu, kichwa kimefunikwa, Shangazi akaniwashia moto.

"Umemwacha aende? Na mgongo wake mzima? Ningekuwa mimi ningemfumua na nywele za kuzaliwa nazo!"

"Kosa lake liko wapi, Shangazi? Yeye kaambiwa mimi ni dada."

"Basi mpigie huyo Barafu sasa hivi! Mwambie!"

"Nikimpigia ataniambia ni mazoezi ya mtihani. Na nitamwamini, kwa sababu nataka kumwamini. Niache kwanza nimwangalie."

"Utamwangalia mpaka aote mvi?"

"Mpaka jioni tu."

Jioni Barafu alikuja kama kawaida yake, begi la vifaa begani, akakaa kibarazani kwenye stuli yake. Nikamletea chai.

"Vidole wangu, mbona kimya?" Ndivyo anavyoniita, kwa ajili ya kazi yangu.

"Nimechoka. Mazoezi yanaendeleaje?"

"Kuongea ndiko kunanisumbua. Lakini alama zimepanda."

"Unafanya mazoezi na nani?"

"Na wenzangu wa darasani. Wanaume watupu, tunapigiana kelele tu."

Wanaume watupu. Nikapuliza chai yangu.

"Hebu nifanyie na mimi mazoezi," nikasema. "Nielezee siku tuliyokutana. Kwa Kiswahili, mimi si msahihishaji."

Akacheka, akakunja mguu vizuri, akaanza. Alisimulia bila kukwama hata mahali pamoja. Zamani alikuwa akisimulia anasahau, anarudi nyuma, ananiuliza, eti ilikuwa friji ya soda au ya maji? Siku hiyo ilinyooka kama kamba ya kuanikia.

"Nikaingia," akasema, "nikakuona umesimama, umevaa gauni lako jeupe, umenuna..."

"Gauni jeupe?"

"Si ulivaa jeupe?"

Mimi sina gauni jeupe. Msusi havai jeupe, mafuta na rangi vitaliua kabla ya mchana. Siku hiyo nilikuwa na aproni ya bluu, na yeye mwenyewe aliwahi kuitania kwamba nimevaa pazia.

"Labda," nikasema. "Siku nyingi."

Hapo ndipo nilipojua. Mtu anayetunga kwa ajili ya mtihani anabaki na hadithi yake ya kweli nyumbani. Kwa huyu ilikuwa imeshafutika, ameandika mwingine juu yangu.

"Nikipata matokeo tu, mke wangu," akasema akinyanyuka, "mambo yote yananyooka. Wewe subiri matokeo."

"Nasubiri," nikasema.

Asubuhi Shangazi alinisuka kisogo changu mistari ile ile ya picha, nikafunga kitambaa juu yake. Kisha akachomoa waya wa friji. Nesi alipofika, amekaa kwenye kiti na mistari ya mbele nimeianza, nikaomba ruhusa nitume ujumbe.

"Barafu, friji ya saluni imezima. Soda zinachemka. Njoo."

Jibu likaja mara moja: "Nipo karibu, Vidole. Dakika chache."

"Mchumba?" Nesi akaniuliza, akinichekea kwenye kioo.

"Ndiyo. Ni fundi."

"Na wangu ni fundi! Mafundi hawa dada, wanajua maneno." Akasogeza kichwa. "Akiniona na msuko huu atazimia. Sijamwambia kabisa, nataka nimshtue."

Nilimhurumia. Nasema kweli. Kama angekuwa na kiburi ningekuwa na mahali pa kuishikia hasira yangu.

Buti za Barafu nazijua mlio. Nilipozisikia kwenye ngazi, nikamwambia Nesi, "Pumzisha shingo kidogo." Nikakaa kiti cha pembeni yake, tukatazama kioo wote wawili, mgongo mlangoni. Nikavuta kitambaa changu.

"Haa, kumbe na wewe umesuka huu huu..." Nesi akaanza.

Mlango ukagongwa. Ko, ko, ko.

"Hodi humu ndani! Mgonjwa wangu yuko wapi?"

Akaingia anacheka. Kicheko kikakatika kama umeme. Mbele yake visogo viwili, konokono wawili, mistari ile ile. Akatazama cha kulia, akatazama cha kushoto. Kwenye kioo macho sita yalimtazama, maana na Shangazi alikuwepo na taulo lake.

"Karibu, fundi," Shangazi akasema. "Chagua."

Nesi akageuka na furaha yake yote. "Umejuaje niko hapa? Nani kakwambia? Dada, huyu ndiye niliyekuwa nakueleza!"

"Namjua," nikasema. "Nimemwita mimi. Ile picha kwenye simu yake ni kichwa changu."

Nesi akanikodolea. Akanitazama chini ya sikio, akaliona doa.

"Kumbe wewe ndiye wifi yangu?"

"Muulize yeye mimi ni nani yake."

Barafu akaweka begi chini.

"Jamani, tusikilizane. Si mahali pake hapa..."

"Ni mahali pake kabisa," Shangazi akasema. "Mtoto wa kaka yangu ulimwona hapa hapa. Wewe, binti, huyu si dada yake. Fundi huyu alimvisha pete mbele yangu, na mimi nilipiga vigelegele mpaka nikakaukiwa na koo. Nirudishie sauti yangu, Barafu!"

Nesi akasimama, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka.

"Pete?"

"Vidole, nisikilize," Barafu akaniambia, akimkwepa mwenzake kwa macho. "Ni karatasi tu. Wakala wa safari alisema mke anayejua Kiingereza ananiongezea alama kwenye maombi. Wewe Kiingereza hukijui, ningefanyaje? Ningefika huko, ningetulia, ningekuita."

"Ungeniita kama nani?"

Akatazama buti zake.

"Kama dada?" Shangazi akadakia.

"Karatasi?" Nesi alisema taratibu. "Mama yangu ulimpigia magoti akakubariki. Hiyo nayo ilikuwa karatasi? Na ukishamwita huyu, mimi ungeniweka wapi?"

"Wewe pia si ulitaka kwenda?"

"Nilitaka kwenda. Mtihani nitaufaulu hata peke yangu, na wewe unajua. Nilikuwa nakusubiri wewe ufikie kiwango. Nimekuwa nikikufundisha kuongea miezi yote hii, mpaka nikitoka zamu macho yanawaka."

Barafu akafuta jasho. Nikamuuliza swali langu, sikunyanyua sauti.

"Jana ulisema siku tuliyokutana nilivaa gauni jeupe. Nani alivaa jeupe?"

Aliyejibu ni Nesi.

"Jeupe ni mimi. Sare yangu. Ndivyo tunavyosema kwenye kile kisa cha friji." Akageuka kwangu. "Dada, jana nilikudanganya. Sisi tulikutana darasani. Mwalimu alituambia tukiwa hatuna la kusema tutunge, msahihishaji anapima lugha, hapimi ukweli. Mimi nikasema tuseme hilo hilo la darasani. Yeye akasema halina utamu. Akaja na ya friji. Akaniambia ameitunga usiku kucha kwa ajili yangu, nikamsifu ana akili."

"Aliitunga?"

"Ndivyo alivyosema. Na kwenye mahojiano ya maombi tuseme hivyo hivyo wote wawili, tusipishane."

"Friji yenyewe hiyo hapo," nikasema. "Karibu na goti lako."

Nesi akageuka akaitazama friji kama mtu anayetambulishwa kwa mkwe. Akanyoosha mkono akaigusa mlango. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na mimi yangu yakafuata, ingawa nilikuwa nimejiahidi sitalia. Mwanamume angeniibia kitu kingine chochote ningejua pa kukitafuta. Chanuo lililoanguka, kicheko changu, aproni yangu ya bluu, vyote alivitoa akamwambia mwenzangu kwamba havikuwahi kuwepo.

Barafu akapiga goti mbele yangu. "Vidole, nilitumia hadithi yetu kwa sababu ndiyo pekee ninayoweza kuisimulia bila kukwama. Si unaona? Maana yake nakupenda."

Nitasema kweli, neno hilo lilinigusa. Lilikaribia kunilegeza kabisa. Nikatazama uso wake nione kama analimaanisha. Jicho lake moja lilikuwa kwangu, na jingine linamwangalia Nesi kwenye kioo, anapima nani kati yetu amelainika kwanza.

Nikanyanyuka. Nikaenda kwenye kopo la vibanio, nikalitikisa, nikatoa nilichotaka. Nikapita nyuma yake pale alipopiga goti, begi lake likiwa sakafuni limejaa bisibisi. Nesi ndiye pekee aliyeona, kwenye kioo. Akageuza macho upande mwingine.

"Amka," nikamwambia Barafu. "Unachafua suruali."

"Umenisamehe?"

"Nenda ukafanye mtihani wako."

"Na friji?"

"Friji haina ugonjwa," Shangazi akasema. Akachukua waya akauchomeka, friji ikanguruma mara moja bila kupigiwa hodi. "Unaona? Ilikuwa inakusubiri utoke tu."

Barafu akamtazama Nesi. "Twende tukaongee nje."

"Kwa lugha gani?" Nesi akamwuliza.

Barafu akabeba begi lake akatoka. Buti zikashuka ngazi moja moja, polepole, kama za mtu anayetegemea kuitwa. Hakuna aliyemwita.

Nesi alibaki amesimama katikati ya saluni, hajui aelekee wapi. Akashika nusu ya kichwa chake iliyotimka.

"Dada, niondoke?"

"Na kichwa hicho? Watu watasema nimekufukuza. Kaa."

Akakaa. Shangazi akatoa soda, vuguvugu, akampa bila kusema neno. Kwa Shangazi hiyo ni heshima kubwa.

"Nifumulie hii ya nyuma," Nesi akasema. "Si kwa ubaya. Hiki ni kisogo chako. Nisuke changu."

Nikachukua chanuo, nikaanza kufumua. Mzunguko ule wa konokono ukalegea mstari kwa mstari mpaka ukaisha.

"Na mtihani?" nikamuuliza.

"Nitakwenda. Peke yangu." Akapangusa pua. "Ila nani atanifanyisha mazoezi?"

"Wewe ongea tu. Mimi nitakuwa nasikiliza. Ukikwama nitajua, hata kama sielewi."

Akacheka, cheko la mtu aliyelia. Kisha akaanza, kwa sauti ndogo, kumweleza msahihishaji asiyekuwepo jambo fulani. Sikujua anasema nini. Lakini alikuwa anasitasita, anarudi nyuma, anatafuta, na hakucheka mahali popote pa kukaririwa. Nikajua safari hii anasema kweli.

Simu yangu ikatoa mlio. Ujumbe wa Barafu.

"Vidole, usifanye haraka. Nitamalizana na yule. Wewe subiri matokeo tu."

Nikamwomba Nesi radhi, nikafuta mafuta vidoleni, nikamjibu.

"Fungua mfuko wa pembeni wa begi lako. Matokeo yamo humo, na pete."

Haikupita muda simu ikaanza kuita. Ikaita ikakatika, ikaita tena.

"Hupokei?" Nesi akaniuliza.

"Nimeshika kichwa cha mtu," nikasema, nikachukua mstari mwingine.